Na jicho lingine je? Kisa cha mama wa Kibirizi

Mama huyu ana miaka 41 na kazi yake ni dagaa. Huwanunua alfajiri pale Kibirizi mitumbwi inapoingia, huwaanika, huwachambua, kisha huwauza kwa wanaowapakia kwenye treni kwenda Tabora na mbele zaidi. Ameniruhusu niandike kisa chake, na mambo machache ambayo yangemtambulisha nimeyabadili. Mimi ni daktari msaidizi wa macho hapa Kigoma mjini. Ninawaandikia hasa wenzangu wa vyumba vya macho vyenye darubini moja, kabati la matone na foleni inayofika hadi nje, ingawa asiye mhudumu wa afya naye atafuata bila shida.

Kilichomshtua kwanza ni noti. Akiwa sokoni alimrudishia mteja chenji kwa noti ya elfu kumi akidhani ni ya elfu mbili. Mteja alikuwa mwaminifu, akairudisha. Jioni alipokuwa akichambua dagaa alifumba jicho la kulia kwa bahati, mkono ukimkinga na moshi, akaona dagaa na vijiwe vya kokoto vimekuwa kitu kimoja. Rangi zilikuwa zimefifia, na katikati ya kile alichokitazama palikuwa na wingu lisiloondoka hata akipepesa.

Alifanya ambacho wengi wangefanya. Alikwenda duka la dawa akapewa matone ya deksamethasoni, ambayo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Wiki mbili baadaye alikwenda kituo kimoja cha matibabu, akaambiwa jicho lina uvimbe wa ndani, akapewa vidonge vya prednisoloni, steroidi nyingine, vya siku 14. Anasema siku tatu za mwanzo alipata nafuu, halafu wingu likarudi likiwa zito kuliko awali. Alipofika kwangu ilikuwa wiki ya sita tangu siku ya noti, na vidonge alikuwa amevimaliza siku kumi nyuma.

Siku hiyo jicho la kushoto lilisoma 6/60, yaani kile ambacho mwenye macho mazima anakisoma akiwa mita 60, yeye alikisoma akiwa mita 6. La kulia lilisoma 6/9. Nilimkalisha kwenye darubini ya kuweka kidevu, nikapitisha mwanga mwembamba, nikaona chembe chache zikielea kwenye maji ya mbele ya jicho la kushoto, kama vumbi linavyoonekana jua likipenya kwenye tundu la bati. Nikaandika: uveitisi ya mbele, jicho la kushoto. Nikampa matone ya prednisoloni na ya atropini, nikamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Hapo nilikosea mara mbili.

Kosa la kwanza ni la kitabibu. Uvea ni tabaka lenye mishipa mingi ya damu ndani ya jicho. Mbele yake ni ile duara yenye rangi inayozunguka mboni. Nyuma yake limetandazwa chini ya retina, ule utando unaopokea mwanga, kama mkeka chini ya shuka. Likipata uvimbe, chembe zinazoelea mbele zinaweza kuwa zimetoka mbele, na zinaweza pia kuwa zimevuja kutoka nyuma. Mgonjwa ambaye katikati ya uono wake kuna wingu na rangi zimefifia ameshakuambia kwa kinywa chake kwamba shida iko nyuma. Kuitazama sehemu ya nyuma kupitia mboni isiyotanuliwa ni kama kukagua chumba kizima kupitia ufa wa mlango, na mimi sikutazama hata kupitia huo ufa. Foleni ilikuwa ndefu, nilikuwa nimeona chembe, na jina la ugonjwa lilikuwa tayari mkononi.

Kosa la pili nililijua baadaye. Alikuja kwangu mbalamwezi ikiwa imejaa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, mitumbwi hukaa, na akina mama wa mwaloni hupata nafasi ya kwenda hospitali, msibani na shambani. Wiki mbili mbele ni giza, na giza ndiyo neema. Nilimpangia miadi katikati ya giza. Hakuja. Alikuja mbalamwezi iliyofuata, wiki nne kamili, akiwa ametumia matone yangu kwa uaminifu wote huo muda.

"Dokta, limezidi," alisema kabla hajakaa.

Simu, lenzi na chumba chenye giza

Hatuna kamera ya retina. Tuna lenzi ya dayopta 20, ile inayotumika kutazamia nyuma ya jicho, na tuna simu. Njia yenyewe si ngeni, na katika nchi nyingi zenye vifaa haba watu wanaitumia. Unatanua mboni kwa matone, unasubiri dakika 20 hadi 30, unafunga mapazia. Simu unaiweka kwenye video huku taa yake ikiwaka mfululizo. Mkono mmoja unashika lenzi, takriban sentimita tano mbele ya jicho, kidole kidogo kimeegemea kwenye shavu la mgonjwa ili usitetemeke. Mkono wa pili unaisogeza simu nyuma na mbele hadi retina ijae kwenye lenzi. Baadaye unaipitia video polepole na kukata picha moja au mbili zilizotulia. Mimi huifunika taa ya simu kwa kipande cha plasta nyeupe ili isimuumize mgonjwa, na hufunga mwanga wa kamera usijirekebishe wenyewe. Usipofanya hivyo, kichwa cha neva, yaani pale neva ya jicho inapoanzia, ambacho kimepauka kuliko sehemu zinazokizunguka, kitang'aa kupita kiasi na yote mengine yatazama gizani.

Jambo moja kuhusu macho yetu. Retina ya mtu mweusi ina wino mwingi, yaani rangi ya asili, chini yake, kwa hiyo picha yake ni ya kahawia iliyoiva, wakati picha nyingi za vitabuni zimetoka kwenye macho yenye wino mdogo na ni nyekundu ya chungwa. Aliyejifunzia kwenye picha hizo anaweza kuipita alama ya ugonjwa akidhani ni kawaida, au akashtuka kwa kilicho cha kawaida. Dawa yake ni kupiga picha nyingi za macho mazima ya watu wa hapa, ukayazoea. Nilikuwa nazo chache. Sasa ninazo za kutosha.

Jicho la kushoto halikuhitaji kusubiri, atropini ilikuwa bado imeitanua mboni. Nikapiga. Ndani kulikuwa na ukungu, kwa sababu ute mzito unaojaza jicho ulikuwa na chembe nyingi, lakini kupitia ukungu ule niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa macho yangu: bapa la duara, njano iliyopauka, limelala juu ya kitovu cha retina, pale tunapotumia kusoma na kutambua sura. Fikiria tone la mawese lililoganda kwenye sahani asubuhi ya baridi. Kingo zake zilikuwa na rangi zaidi kuliko katikati. Halikuwa na damu, wala kovu jeusi pembeni.

Ule ukungu nao ni kipimo. Tangu mwaka 1985, Nussenblatt na wenzake walipopendekeza ngazi za kuupima kwa kuangalia ni kwa kiasi gani kichwa cha neva na mishipa vinaonekana, madaktari wamekuwa wakiulinganisha ukungu na picha za mfano. Ukiwa na picha ya leo na ya wiki ijayo, huna haja ya kukumbuka wala kubishana na daftari lako.

Nilimtumia picha daktari bingwa ninayemshauri mara kwa mara, aliye mkoa mwingine. Nilituma kama faili, maana WhatsApp ikituma kama picha huikandamiza, na mambo madogo ya kwenye retina hupotea kwanza. Hakukuwa na jina la mama kwenye picha wala kwenye ujumbe. Niliandika maelezo mafupi na mwisho nikaongeza: bapa limeelekea chini kidogo ya kitovu.

Jibu lilikuja baada ya robo saa, mistari miwili. Wa kwanza ulinikumbusha kwamba picha ya lenzi ile huja imepinduka, juu chini na kushoto kulia, kwa hiyo kilichoonekana kuelekea chini kilikuwa juu. Kweli kabisa, na ndiyo sababu sasa kila picha naigeuza kwanza kabla sijaandika neno lolote. Wa pili ulikuwa na maneno manne:

"Na jicho lingine je?"

Jicho zima

Mama alikuwa ameshatoka. Nilimpata kwenye kibanda cha bodaboda, ameshavaa kofia.

"Samahani mama, turudi kidogo. Nataka na la kulia."

"Hili zima, dokta. Hili ndilo linanilisha."

Alirudi. Tuliweka matone, tukasubiri nusu saa, akanisimulia bei ya dagaa na jinsi magendo yanavyowaumiza wauzaji wadogo. Mboni ilipotanuka nikapiga. Hakukuwa na ukungu. Retina ilionekana safi kama sakafu iliyopigwa deki, na pale juu ya kitovu palikuwa na bapa lingine dogo, njano ileile, kingo zilezile. Jicho lililosoma 6/9, ambalo mwenyewe aliliita zima na mimi nililiandika zima, lilikuwa linaumwa ugonjwa uleule.

Picha hii ya pili ndiyo iliyofungua kisa. Jicho moja lenye uvimbe wa nyuma lina orodha ndefu ya sababu. Ya kwanza inayotujia wengi ni toksoplasma, lakini hiyo kwa kawaida hukaa jicho moja, ikiwa doa jeupe lenye ukungu pembeni mwa kovu la zamani lenye wino mweusi, na hapa kovu halikuwepo. Kifua kikuu huweza kuweka madoa kwenye tabaka la chini ya retina. Virusi vya jamii ya tutuko huila retina kuanzia pembeni kwa kasi ya siku chache, na hapo unakimbilia asiklova bila kusubiri. Kwa mwenye VVU ambaye kinga imeshuka sana, kuna virusi vya CMV vinavyoacha damu na weupe vikifuata mishipa.

Macho yote mawili, mabapa ya njano katikati, bila damu: orodha ikapungua ghafla. Yalibaki mawili ya kupigania. Moja ni ugonjwa wa Vogt-Koyanagi-Harada, ambapo kinga ya mwili huyashambulia macho, masikio na ngozi. Mgonjwa huumwa kichwa, masikio huvuma, maji hukusanyika chini ya retina, na miezi baadaye huenda nywele na ngozi zikapoteza rangi. Dawa yake ni steroidi, nyingi na mapema. La pili ni kaswende. J. Donald Gass na wenzake mwaka 1990 waliliandikia jina umbo hili hasa: bapa la njano la kaswende juu ya kitovu cha retina. Dawa yake ni penisilini, na ukiipa steroidi peke yake unaichochea.

Ndiyo maana vidonge vile vya siku 14 vilimpa nafuu ya siku tatu. Vilituliza uvimbe huku vikikifungulia mlango kidudu chenyewe. Matone yangu ya wiki nne yalifanya jambo hilohilo kwa kipimo kidogo. Steroidi kwenye macho yetu zinatolewa kwa wepesi unaoniuma. Zinauzwa dukani kama panado, na sisi wenyewe tunaziandika kabla ya kujua tunachokizima.

Nilimuuliza maswali ambayo ningepaswa kuuliza mwezi mmoja nyuma. Kichwa? Hapana. Masikio kuvuma? Hapana. Vipele? Akasita, akafunua viganja.

"Vilikuwepo hapa na kwenye nyayo, kabla ya mambo ya macho. Havikuwasha. Nilidhani ni chumvi ya migebuka."

Mwalo mzima wanaopaka samaki chumvi ya Uvinza hupata michubuko mikononi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa, hata yeye. Vipele visivyowasha vya viganjani na nyayoni ni alama ya kaswende ya hatua ya pili ambayo kila mwanafunzi wa tiba huikariri. Niliikariri mimi pia. Picha ya ndani ya jicho ndiyo iliyonirudisha kwenye viganja vilivyokuwa mbele yangu tangu siku ya kwanza.

Damu ndiyo iliyosema jina

Nasisitiza hapa, kwa sababu nimeanza kusikia wenzangu wakisema picha "imeonyesha kaswende". Picha haikuonyesha kaswende. Ilionyesha umbo, mahali, na kwamba macho ni mawili. Ilitupeleka kwenye kipimo. Kile kipimo cha haraka wanachopimwa wajawazito kliniki, tone moja la damu kwa VVU na kaswende, kilitoa jibu ndani ya dakika 20: VVU hasi, kaswende chanya. Lakini kipimo hicho kikishakuwa chanya huweza kubaki hivyo maisha yote hata kwa aliyepona, kwa hiyo maabara ikafanya na RPR, ambayo hupanda na kushuka pamoja na ugonjwa. Ilikuja 1:64, kiwango cha juu. Picha ya kifua ilikuwa safi. Mimba yake ya mwisho ilikuwa miaka tisa nyuma na alipimwa, akawa hana.

Kumwambia kulikuwa kugumu kuliko kumpiga picha. Nilifunga mlango, nikamwomba muuguzi wa kike tuliyemwamini akae nasi, nikaanza na kilicho kizuri: ugonjwa huu una dawa, dawa tunayo, na macho bado yana nafasi. Halafu nikalitaja jina. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama watoto wake wanaweza kuwa nao. Huyo wa mwisho alizaliwa mama akiwa hana, nikamweleza. Ndipo akauliza habari ya mumewe. Mumewe alikuja mwenyewe kesho yake, akapimwa, akatibiwa. Nani alianza hatukuuliza, na wala si kazi ya chumba cha macho.

Kaswende ya jicho hutibiwa kama kaswende ya ubongo. Ile sindano moja ya benzathini ya kwenye nyonga haifikishi dawa ya kutosha ndani ya jicho. Inatakiwa penisilini ya kwenye mshipa, uniti milioni 18 hadi 24 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Tulimlaza, tukampa milioni 4 kila baada ya saa nne, usiku na mchana, siku 14. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2021 unaruhusu kuacha kutoa maji ya uti wa mgongo kama mgonjwa hana dalili nyingine ya neva, macho yamethibitika kuwa na ugonjwa na damu ni chanya. Tulimkagua neva zote za kichwa, zikawa sawa, tukaacha.

Usiku wa kwanza alitetemeka, homa ikapanda, dada yake aliyekuwa akimuuguza akaja mbio akisema ni malaria. Kipimo cha malaria kilikuwa hasi. Ni mwitikio unaofahamika pale penisilini inapoua vijidudu vingi kwa mpigo, na hupita ndani ya siku moja. Ulipita. Tungemwambia mapema angelala kwa amani, naye dada yake pia. Sasa huwa tunasema kabla ya dozi ya kwanza.

Wauguzi wa wodi ile wanastahili kutajwa. Dozi sita kwa siku kwa siku 14 ni dozi 84, na kwenye chati hakuna hata moja iliyorukwa. Dozi ya saa nane usiku ndiyo iliyomponya sawa na ile ya saa nne asubuhi. Na kwenye ubao wa wodi, pale pa jina la ugonjwa, waliandika tu "macho".

Picha ya pili, ya tatu, ya nne

Siku ya saba nilipiga macho yote mawili, kwa simu ileile, lenzi ileile, chumba kilekile. Nikaziweka picha sambamba na za kwanza. Jicho la kulia, bapa lilikuwa limeanza kuliwa kutoka pembeni, kama dimbwi linavyokauka. La kushoto ukungu ulikuwa umepungua kiasi kwamba mishipa midogo niliyokuwa nikiikisia sasa niliweza kuifuata hadi mwisho. Mama mwenyewe alisema hajaona tofauti. Nilimwonyesha picha mbili kwenye kioo cha simu, ya Jumanne ile na ya leo, akazitazama muda mrefu kwa jicho la kulia.

"Kwa hiyo linafutika," alisema.

"Linafutika, mama."

Siku ile ndipo alipoacha kuuliza ni lini atatoka wodini.

Alipomaliza sindano, ndugu zake walichanga nauli akaenda Mwanza kwenye hospitali yenye mashine ya OCT. Ni basi la siku nzima, kupitia Kasulu, Kibondo, Kakonko hadi Nyakanazi na mbele. OCT haipigi sura ya juu ya retina kama kamera. Inaikata kwa mwanga, kama unavyokata mkate ukaona matabaka yake. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Huang, Fujimoto na wenzao huko Marekani, na leo kwa uvimbe wa nyuma ya jicho hakuna kifaa kinachoonyesha hali ya matabaka vizuri kuliko hiki. Alirudi na karatasi mbili. Kwenye jicho la kushoto ule mstari mweupe unaoonyesha kwamba seli za kupokea mwanga ziko sawa ulikuwa umekatika vipande katikati, na chini yake, kwenye tabaka lenye wino, palikuwa na vinundu vidogo kama mbegu za ufuta. Kwenye jicho la kulia mstari ulikuwa umeshaungana. Hakukuwa na maji chini ya retina, jambo lililotutuliza kabisa kuhusu Vogt-Koyanagi-Harada.

Je, safari ile ilikuwa ya lazima? Nimejiuliza mara nyingi. Tiba haikubadilika. Ila ilituambia kwamba mstari uliokatika huweza kuungana ugonjwa ukitibiwa mapema, na kwa hiyo tulimwambia jicho la kushoto bado litaendelea kupata nafuu kwa miezi, tukasema hivyo kwa uhakika badala ya kumfariji tu. Kwa mgonjwa asiye na nauli nisingeisukuma. Simu na lenzi vilikuwa vimeshafanya kazi kubwa, na kipimo cha damu kilichoamua ni kilekile kilichopo kwenye zahanati.

Miadi iliyofuata yote tuliipanga kwa mwezi. Hakukosa hata moja. Mbalamwezi ya kwanza kushoto 6/24. Ya pili 6/18. Ya nne 6/12, na kulia 6/6. Mabapa yalitoweka yakaacha madoadoa madogo ya wino, kama ngozi ya chui, yanayoonekana zaidi kwenye picha ukiondoa rangi nyekundu na kubakiza kijani. VVU tulipima tena baada ya miezi mitatu, hasi. RPR baada ya miezi sita ilikuwa 1:8; kushuka kutoka 1:64 hadi 1:16 kungetosha kusema dawa imefanya kazi.

Kuhusu picha zenyewe nina neno moja. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika nchini, na taarifa za afya zimo ndani yake. Picha ya retina ni ya mtu, na ikiambatana na jina na neno "kaswende" inaweza kuvunja nyumba. Picha hizi zilikuwa zikikaa kwenye simu yangu pamoja na za harusi na za watoto wangu. Mtoto akishika simu akafungua? Sasa zina simu ya idara, yenye nywila, zinatajwa kwa namba ya faili, na mgonjwa huulizwa kabla ya kupigwa na kabla ya kutumwa kwa mtu mwingine. Mama huyu aliulizwa baada tu. Nilimwomba radhi kwa hilo.

Kwenye daftari la chumba chetu tumechora safu mbili mpya, kulia na kushoto, na kila mwenye uvimbe wa ndani ya jicho lazima zote mbili zijazwe kabla steroidi haijaandikwa. Muuguzi hunirudishia daftari nikiacha moja wazi.

Mara ya mwisho nilipomwona mama huyu nilikuwa nimepita Kibirizi kununua samaki. "Mwakeye, dokta," aliniita kabla sijamwona. Siku alipotoka wodini nilimpa ukurasa wa daftari la hesabu lenye miraba, autazame kila asubuhi kwa jicho moja moja, anieleze kama mistari inapinda. Ameubandika kwenye nguzo ya banda lake, juu ya vichanja vya dagaa, umeshakuwa wa njano kwa moshi na jua. Alifumba jicho la kulia, akaniwekea kidole: mstari wa nne kutoka kushoto bado unakunja kidogo, pale katikati. Ameuzungushia kalamu nyekundu mwanzo na mwisho wa kunja lenyewe, ili aone kama litahama.